STESHENI YETU YA ELDORET
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Munyaka



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya stesheni ya gari la moshi ya Eldoret, jinsi ilivyoanza, kazi iliyowatendea watu, na hali iliyoifika. Kisha mkutano huu uamue juu ya ile barua iliyosomwa asubuhi. Tumekubali kwa furaha, ingawa twajua ya kuwa baadhi yenu mmekwisha anza kunong'onezana, "Munyaka na stesheni, wapi na wapi?" Ni kweli. Reli haipiti kwetu. Sisi tuko upande wa barabara ya Iten, na atakaye kwenda stesheni hana budi kuukata mji. Katika mkutano wa mwaka uliopita kijana mmoja alisimama akataka tujengewe stesheni hapa hapa karibu na soko. Tulimshangilia sana, lakini treni haifuati makofi, hufuata vyuma. Hata hivyo chama hiki kinachotukutanisha leo kisingalikuwako kama si stesheni ile, na wengi wenu mlio vijana hamjaelezwa kwa nini. Tutalifikia jambo hilo kwa zamu yake.

Mji wetu ulihesabiwa kwa reli kabla haujaiona. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika Kisumu kando ya Ziwa mwaka 1901, nayo ilipitia Londiani. Uwanda huu wa Uasin Gishu uliachwa kando. Makaburu walipokuja mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na walowezi wengine wakawafuata, kila kitu walichotaka kutoka ng'ambo kilishushwa Londiani, kisha kikavutwa na ng'ombe katika matope na misitu, na wakati wa masika safari hiyo ilihesabiwa kwa majuma. Posta ilifunguliwa mwaka 1910, na mahali pale pakaitwa Sitini na Nne, kwa kuwa, kama inavyosimuliwa, palikuwa maili 64 kutoka reli. Wenyeji wakalichukua neno hilo la Kiingereza wakalisema kwa ulimi wao, likawa Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Basi mzee wa Kinandi akikuambia leo kuwa anakwenda Sisibo, ujue kwamba anataja, labda bila ya kukusudia, umbali wa kwenda kulipanda gari la moshi.

Wala tusiseme kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Wanandi walipigana kwa miaka mingi na watu wa reli na serikali yao, na yasimuliwa kuwa mwaguzi wao mkuu Kimnyole alikwisha tabiri habari za nyoka atemaye moshi atakayepita katika nchi. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka 1905 alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza kwa mazungumzo ya amani. Katika halmashauri yetu wamo watu wa makabila mengi, na tumeona yatupasa kulitaja jambo hili wazi, maana si haki kusifu stesheni na kunyamaza juu ya damu iliyotangulia vyuma.

Reli ya kuja kwetu ilijengwa kutoka Nakuru. Fedha zake zilitoka katika mkopo wa pauni milioni 5 ambao Serikali ya Kenya iliuchukua mwaka 1921, mkopo uliowaelemea hata watu wa kodi ya kibanda ambao hawakuulizwa neno. Wakati ule ule palikuwa na malalamiko, tena kutoka kwa Wazungu wenyewe. McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Kazi za Serikali, alitoa kitabu mwaka 1927 akaueleza mradi huo kwa lawama nyingi. Lakini reli ilijengwa. Ilipanda kutoka bonde la Nakuru, ikavuka mstari wa Ikweta, ikapita Timboroa mahali palipo juu ya futi 9,000 kutoka usawa wa bahari, ambapo ni miongoni mwa mahali pa juu kabisa palipopata kufikiwa na reli katika Afrika, kisha ikateremka kwa Ainabkoi na Kipkabus, ikaingia Eldoret mwaka 1924. Mwaka 1926 tawi la kwenda Kitale lilifunguliwa kutoka Leseru, na mwaka 1931 njia kuu ikafika Kampala. Tangu hapo Eldoret haikuwa tena mwisho wa safari ya mtu. Ikawa ni njia.

Sasa, stesheni ni kitu gani? Mtoto aliyezaliwa baada ya magari ya abiria kukoma huona nyumba, paa, na majani kati ya mataruma, akapita. Hebu tumweleze.

Stesheni ilikuwa kwanza ni saa ya mji. Watu ambao hawakuwa na saa mkononi wala ukutani walijua wakati kwa honi. Pili, ilikuwa ni mizani: hapana gunia lililoondoka bila ya kupimwa na kuandikwa, na mkulima alijifunza pale, mara nyingi kwa uchungu, tofauti kati ya uzito aliouambiwa na mnunuzi na uzito wa kweli. Kulikuwa na godauni la mizigo, na mahali pa kupakilia ng'ombe, na tangi la maji kwa ajili ya injini za mvuke, maana injini ile ilikuwa na kiu kuliko ngamia. Mahindi, ngano, pareto, na magome ya miwati yaliondoka hapa. Mbolea, mabati, chumvi, sukari, na nguo vikaingia. Nyumba za watumishi wa reli, ambazo wazee bado huziita landi, zilikuwa karibu, na humo watu wa Nyanza, wa Ukambani, wa Pwani, na wa Uganda walikaa mlango kwa mlango na kujifunza Kiswahili cha kufaa kazi. Sisi twaamini kuwa Kiswahili cha mji huu kilifunzwa zaidi na reli kuliko na shule, lakini hilo waalimu walio hapa watatusamehe.

Jambo moja la kazi ya stesheni halijulikani sana, nalo latupendeza. Njia ni moja tu, na magari huja pande mbili. Kwa hiyo gari haliondoki mpaka stesheni masta awe ameuliza stesheni ya mbele kama njia iko wazi, naye akajibiwa. Ndipo dereva hupewa mkononi ruhusa yake ya kuingia katika kipande kile. Asipokuwa nayo, hata kama abiria wote wanapiga kelele madirishani, haendi. Mzee mmoja wetu aliyefanya kazi ya kupokea ishara kwa miaka mingi hupenda kusema kwamba hakupata kumwona mtu mkubwa, wala Mzungu wala Waziri, ambaye gari lake liliondoka bila ya ruhusa hiyo.

Lakini hatutaki kupaka rangi nzuri mahali pasipostahili. Abiria waligawanywa kwa madaraja, na kwa miaka mingi Mwafrika alipojua kusema "daraja la tatu" alikuwa amekwisha jua yote aliyotakiwa kuyajua dirishani. Mahindi ya walowezi yaliyokwenda ng'ambo yalichukuliwa kwa nauli ya upendeleo, na hasara ilizibwa na mizigo ya wengine, hasa pamba ya Waganda. Kazi za ustesheni masta na ukarani zilikuwa za Wahindi na Wagoa. Mwafrika alibeba, alisukuma, alifagia, alichochea moto. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, Wakikuyu wengi waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya Bonde la Ufa walirudishwa kwao kwa nguvu, na mtu wa kabila hilo aliyeonekana safarini bila ya pasi alikuwa mashakani. Wako humu wazee ambao wakiiona stesheni hukumbuka kwanza askari, ndipo wakumbuke gari.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda, na Tanganyika ziliunganishwa kuwa Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Shule ya mafunzo ya reli ilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, na kutoka huko wakaanza kutoka vijana wa Kiafrika waliovaa kofia ya stesheni masta kwa haki yao. Mmoja wa wazee wetu alikuja Eldoret akiwa mtoto mwaka 1961, katika daraja la tatu, amewekwa juu ya sanduku la babaye. Anasema ya kuwa alipofika aliona mtu mweusi amesimama jukwaani ameshika bendera ya kijani, na gari zima likamtii. Babaye alimwinua mabegani ili aone vizuri. Mpaka leo mzee huyo akitaka kuwaeleza wajukuu maana ya Uhuru hasimulii habari za bendera ya mwaka 1963. Husimulia ile ya kijani.

Sasa twaja kwetu. Baada ya Uhuru watu walianza kununua ardhi kando ya mji, na waliokuja huku wakapaita Munyaka, neno la Kikuyu ambalo maana yake ni bahati njema. Bahati yenyewe ilihitaji kusaidiwa. Akina mama wengi hawakuwa na kazi ya mshahara. Gari la abiria la kwenda na kutoka Uganda lilipita Eldoret usiku, likasimama, na abiria wenye njaa wakachungulia madirishani. Basi akina mama wakaanza kupika: mahindi ya kuchemsha, mayai, viazi vitamu, chai katika birika kubwa lililofungwa gunia ili lisipoe. Kwenda stesheni ni mwendo wa yapata saa moja kwa mtu mwenye mzigo kichwani, tena gizani, na si kila aliyesimama njiani alisimama kwa wema. Wakapatana kwenda pamoja. Wakanunua taa moja ya kandili, na kila mmoja akawa akitoa senti chache kila siku ya gari kwa ajili ya mafuta ya taa. Fedha hizo ziliwekwa katika mkebe wa majani ya chai.

Huo mkebe, ndugu, ndio chama hiki. Usiku mmoja mwenzao mmoja hakufika mahali pa kukutania. Walipokwenda kwake asubuhi walimkuta amefariki, na watoto watatu wamekaa mlangoni. Hapakuwa na jamaa karibu wala fedha. Wakaufungua mkebe, wakanunua sanda na mbao, na kilichobaki wakawapa watoto. Jioni ile walikwenda stesheni bila ya taa, wakishikana nguo nyuma kwa nyuma, kwa sababu mafuta hayakununuliwa. Tangu siku hiyo wakaamua kutoa zaidi ya senti za mafuta. Wanaume walikaribishwa baadaye, na kwa ukweli walichukua muda kukubali. Wawili kati ya watoto wale watatu wamo katika ukumbi huu, na mmoja ni mjumbe wa Halmashauri. Hatutamtaja, kwa maana hakututaka tufanye hivyo.

Ya kushuka hatutayasimulia kwa urefu. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Kenya ikawa na Shirika lake la Reli tangu 1978. Magari ya mizigo ya barabarani yakaongezeka mwaka hata mwaka. Bomba la mafuta lilipofikishwa Eldoret mwaka 1994, mzigo ambao reli iliutegemea sana ukapungua. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 gari la abiria la Nairobi na Kampala likadhoofika mpaka likakoma. Mwaka 2006 reli ikakodishwa kwa kampuni kwa mkataba wa miaka 25, nao ukavunjwa mwaka 2017, kabla haujafika hata nusu. Akina mama wetu hawakuambiwa kwa barua kwamba gari halitakuja tena. Walikwenda usiku mmoja, wakangoja mpaka chai ikapoa, wakarudi. Wakaenda tena mara ya pili, na ya tatu. Hesabu za chama za miaka ile zaonyesha michango ikipungua kwa namna ambayo Mweka Hazina wa leo hawezi kuitazama bila ya kutikisa kichwa. Wengine waliuza mboga barabarani, wengine walirudi kwao. Na mwanzo wa mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, maelfu ya watu walipokuwa wamekimbilia uwanja wa maonyesho hapa Eldoret, reli iling'olewa kule Kibera, Nairobi, na hata mizigo ikasimama. Twajua jinsi tulivyokaa siku zile. Wanachama wa makabila yote waligawana kilichokuwamo katika mkebe, nao haukuwa na mengi.

Kuna watakaosema, "Reli imepitwa na wakati, mabasi yapo." Mabasi yapo, nasi twayapanda. Lakini na tuitazame barabara ya kutoka hapa hadi Nakuru. Tarehe 31 Januari 1909 hapakuwa na barabara ya lami. Tarehe 31 Januari 2009 ilikuwapo, na siku hiyo pale Sachangwan lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, na wakafa zaidi ya watu 100. Tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, basi na lori viligongana alfajiri, na watu 36 wakafa. Hatusemi kuwa reli haiui. Twasema kwamba mteremko ule umebebeshwa mzigo uliokuwa wa reli, tena mwezi wa Desemba, wakati kila mtu anataka kuwaona wazazi wake, na nauli hupanda mpaka mwenye watoto wanne huchagua ni yupi atakayebaki. Daftari letu la rambirambi laonyesha mara ngapi tumefungua mkebe kwa sababu ya barabara hiyo.

Tena tusidhani ya kuwa stesheni ikifa haifufuki. Wajumbe wetu wawili walipokwenda Nairobi kwa shughuli nyingine walipita Syokimau, stesheni iliyofunguliwa na Rais Kibaki mwezi wa Novemba 2012 ili kuwachukua watu wa vitongoji kwenda kazini na kuwarudisha. Waliona watu wakiacha motokaa zao pale na kupanda gari la moshi, mwenye suti na mwenye kapu, na hakuna aliyeuliza daraja. Desemba 2020 gari la abiria lilirudi Nanyuki. Desemba 2021 likarudi Kisumu. Reli zile zilikuwa zimeota majani kama yetu. Katika miaka hiyo miwili zamu ya Eldoret haikufika, ijapokuwa sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika mji huu watu 475,716, na mwaka 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Na ile reli mpya ya kisasa, iliyofika Naivasha mwaka 2019, ramani yake ya kwenda mbele imechorwa kwa Narok na Bomet hadi Kisumu, kisha Malaba. Sisi tumeachwa kando, kama Uasin Gishu ilivyoachwa kando wakati wa kwanza. Kwa hiyo kama tutakuwa na gari la abiria, litapita juu ya vyuma vile vile vya mwaka 1924, ambavyo magari ya mizigo yangali yakivitumia, na honi yake husikika usiku mtu akikaa kimya.

Hayo ndiyo yaliyoifanya Halmashauri kuandika barua ile. Haiombi makubwa. Yaomba gari la abiria kati ya Eldoret na Nakuru, hata kama ni siku za sikukuu peke yake kwa kuanzia. Yaomba nyumba ya stesheni isibomolewe, na uwanja wake usigawanywe vipande vipande, maana ardhi ya reli ikiisha kujengwa maduka hakuna Waziri awezaye kuirudisha. Na yaomba ya kuwa, gari likirudi, akina mama wapewe mahali maalum jukwaani pa kuuzia, wasifukuzwe kama wezi. Baadhi ya wajumbe waliona neno hilo la mwisho ni dogo mno kuandikwa kwa Serikali. Tulibishana jioni nzima. Likabaki.

Kuna jambo moja tu ambalo Halmashauri haikuafikiana, nalo twaliacha kwenu. Kandili ile ipo. Ni hii iliyo mezani mbele ya Mweka Hazina, kioo chake kimepasuka, lakini utambi wawaka. Wengine wataka ipelekwe katika jumba la makumbusho la reli kule Nairobi, ikatunzwe. Wengine, na hao ni akina mama watupu, wasema haiendi popote mpaka isafiri kwa gari la moshi.

Bwana Mwenyekiti, twakurudishia mkutano upige kura, kwanza juu ya barua, kisha juu ya taa. Wale waliopata kusafiri kwa daraja la tatu, au waliouza jukwaani, twawaomba wamwone Mwandishi kabla ya saa kumi, awaandike majina na miaka, kwa kuwa orodha hiyo itafungwa pamoja na barua. Asiyejua kutia sahihi atatia kidole, wino upo.